Hesabu ya Shingo

Mimi naishi kwa tarakimu.
Barabara ya Kirinyaga, ghorofa ya pili,
juu ya duka la beringi na breki,
naandika kinachoingia, naandika kinachotoka,
na jioni, shilingi zikilala sawa,
nami hulala.

Kwa hiyo karatasi ya maabara iliposema
homoni moja ya tezi imepanda hadi darini
na nyingine imezama chini ya kipimo,
sikubisha.
Nilizisoma zile nyota mbili pembeni mwa namba
kama mtu anayesoma barua ya kufutwa kazi,
akitafuta juu kabisa jina lisilo lake.
Gathoni Kimotho. Miaka arobaini na sita.
Lilikuwa langu.

Daktari Mutinda alinishika kifundo cha mkono,
akatazama saa ya ukutani.
"Sabini na mbili," akasema, kama aliyekosewa heshima.
Akanyoosha vidole vyangu, akalaza karatasi juu yake.
Ikatulia kama shuka kwenye kitanda cha wageni.
"Damu yako inakimbia," akasema,
"na wewe umekaa."
Akaniandikia dawa hata hivyo, kwa mwandiko wa shaka,
akanituma nikapimwe tena kabla ya kuinunua.

Mama alikuwa na rovu.
Nakumbuka shali ya kijani aliyoifunga hata Januari,
na baadaye kovu, jembamba,
kama alama ya mkufu uliokatika.
Basi woga haukuvunja mlango.
Kwangu ulikuwa na ufunguo wake.

Wiki ile mikono ilianza kutetemeka. Naapa.
Kikombe kiligonga kisahani hadi wenzangu wakageuka.
Usiku moyo ulibisha hodi, ukabisha, ukabisha.
Niliona joto, mwezi wa Julai, Nairobi,
watu wamevaa sweta mbili mbili!
Tarakimu ilikuwa ikiniumba upya
kwa mfano wake.

Aliyenifungua ni Barasa, kijana wa maabara kule Ngara,
kalamu nyuma ya sikio.
Hakuuliza ninameza dawa gani;
hilo nilishalijibu mara tatu: hakuna.
Aliuliza, "Na ile usiyoiita dawa?"

Nikacheka. Nikagusa kilemba.
Chupa ya rangi ya waridi, kutoka Dubois Road:
bayotini, mikrogramu elfu kumi, kimoja kila asubuhi,
kwa ajili ya nywele za kwenye paji zilizohama
baada ya miaka ishirini ya kusukwa kwa kukazwa.

Akachora viti nyuma ya bahasha.
"Kipimo chetu nacho hutumia bayotini, kama kadi ya mwaliko.
Yako imemwagika ukumbini, imekalia viti vyote.
Jamaa wenye kadi wamefagiliwa nje na maji ya kuoshea.
Mashine inachungulia. Haioni jamaa.
Kwenye kipimo kimoja inaandika: wachache mno.
Kwenye kingine, kinachosomwa kinyume, inaandika: wamefurika.
Hakuna aliyedanganya, mama," akasema.
"Hapo ndipo penye kazi."

Siku nne sikumeza. Ya tano akanitoboa tena.
Namba zikarudi ndani ya mipaka
kama wafanyakazi waliochelewa,
bila kutoa sababu.
Daktari akaichana ile karatasi ya dawa,
vipande vinne, akaviweka mfukoni mwake.
Mikono ikatulia siku hiyohiyo.
Sasa ilikuwa ikitetemeshwa na nani?

Nywele, kwa taarifa yenu, hazijaota.

Jana nimefunga daftari. Limelala sawa, senti kwa senti.
Nikalitazama kwa muda, taa za chini zikizimwa
moja moja.
Kisha nikamwita Njagi wa stoo.
"Na kile," nikamwuliza, "usichokiita mauzo?"

Akatazama viatu vyake.